Je, raba za sketibodi zilibuniwa kwa ajili ya mchezo huo?

Wengi huamini kwamba zile raba za turubai zenye soli bapa ya vijumba-vijumba zilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya sketibodi, yaani mchezo wa kuteleza juu ya ubao wenye magurudumu, na kwamba Vans, kampuni ya Marekani inayozitengeneza, ndiyo iliyouzaa utamaduni wa mchezo huo. Si ajabu kudhani hivyo, maana leo viwili hivyo huonekana pamoja kila mahali.

Miaka yenyewe inasema vingine. Vijana wa California walikuwa wakiteleza juu ya mbao za magurudumu tangu miaka ya 1950. Vans ilifungua milango Anaheim, mji wa California, mwaka 1966, ikiuza viatu vya kawaida vya turubai vilivyotengenezwa palepale. Wachezaji ndio waliovichagua, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu soli yake nene ya mpira ilishika ubao barabara.

Sifa ya kampuni, kwa maoni yangu, ni kusikiliza. Mwaka 1976 ilitoa kiatu kilichosanifiwa kwa ushauri wa wachezaji, chenye sponji shingoni. Mwaka uliofuata kikaja chenye vipande vya ngozi, kwani turubai huchanika upesi ikisuguliwa na ubao. Udhamini wa mashindano ulijengwa juu ya hapo.

Ukitaka kuhakiki, usitegemee matangazo peke yake. Kila kampuni husimulia historia ikiwa imejiweka katikati. Tafuta picha za zamani zenye tarehe, utazame miguu. Katika zile za miaka ya 1960, wengi wako pekupeku.