Usuluhishi wa kimataifa: visingizio vinavyochelewesha na yale yaliyotokea

Serikali ikianza kukamata viongozi wa kabila moja, kufunga redio zao na kumwaga askari vijijini mwao, hawakosekani wanaosema msuluhishi wa nje aitwe mapema. Nao hujibiwa kwa hoja zilezile, ambazo ukizisikia juujuu zina sura ya busara. Hebu tuzipime.

Dhana: "Hayo ni mambo yetu ya ndani"

Hapa hunukuliwa ibara ya 2(7) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayoukataza umoja huo kuingilia mambo yaliyo chini ya mamlaka ya nchi. Wanaoinukuu huiruka ibara ya 33, inayozitaka pande zenye mzozo unaoweza kuhatarisha amani ya dunia zianze kwa mazungumzo na usuluhishi. Isitoshe, msuluhishi haji na jeshi. Anakuja kwa ridhaa ya wahusika, na wakimchoka anafunga virago. Nchi za Afrika ziliafikiana jambo zito zaidi ya hilo mwaka 2000: ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika inaupa umoja huo haki ya kuingilia kati pakitokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Aliyetia sahihi hilo atawezaje kulalamika kwamba mzee mwenye kalamu na daftari amemnyang'anya uhuru wake?

Dhana: "Bado hapajaharibika, tusubiri kwanza"

Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, maana mpaka paharibike, kila upande unakuwa na wafu wa kuwalipia kisasi.

Mwaka 1992 nchi za Ulaya zilianzisha ofisi ya Kamishna Mkuu wa Jamii za Wachache, ambaye leo yuko chini ya Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya (OSCE). Kazi yake ni kuonya na kusuluhisha kabla risasi hazijalia. Wa kwanza kuishika alikuwa Mholanzi Max van der Stoel, na mwaka 1993 alijikuta Estonia. Bunge la huko lilikuwa limepitisha sheria ya wageni iliyowatia kiwewe wakazi wanaozungumza Kirusi. Wengi wao hawakuwa na uraia, wakahofia kutimuliwa. Miji ya Narva na Sillamäe, iliyojaa watu hao, ikaitisha kura ya kujitawala. Serikali ikasema kura hiyo ni haramu. Hapo palihitajika afisa mmoja mwenye hasira tu ili damu imwagike.

Van der Stoel alikwenda kwa hawa, akarudi kwa wale, hadi akapata ahadi mbili: serikali haitatumia nguvu kuizuia kura, na viongozi wa Narva watautii uamuzi wa mahakama, uwe wowote. Rais Lennart Meri naye aliipeleka sheria ile kwa wataalamu wa Ulaya, ikarekebishwa. Kura ikapigwa Julai, mahakama ikaibatilisha, watu wakaendelea na shughuli zao. Kisa hiki hakitajwi sana, nadhani kwa sababu hakina picha ya kutisha.

Dhana: "Kukaa na waasi ni kuwapa nchi"

Jimbo la Aceh lilipigania kujitenga na Indonesia kwa karibu miaka 30. Agosti 2005, mjini Helsinki, mbele ya msuluhishi Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, waasi waliacha dai la uhuru na kukubali kusalimisha silaha 840. Indonesia ingali nchi moja.

Dhana: "Mwisho wake ni wakubwa kugawana vyeo"

Hii ina chembe ya ukweli, na wanaotetea usuluhishi wasiikwepe. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, aliingia Nairobi Januari 2008, akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, wakati machafuko ya baada ya uchaguzi yakiendelea kuua. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133. Wajumbe wa pande mbili walipozidi kuvutana, Annan alisimamisha vikao vyao na kuwaendea Mwai Kibaki na Raila Odinga wenyewe. Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaungana naye, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa sahihi. Ndiyo, uliunda cheo cha waziri mkuu na baraza kubwa la mawaziri.

Ila anayeishia hapo hajaisoma Ajenda Nne, sehemu ya nne ya mazungumzo hayo, iliyobeba ardhi, ajira kwa vijana, umaskini na mageuzi ya katiba. Katiba mpya ilizinduliwa Agosti 2010. Haki ndiyo iliyokwama. Bahasha ya majina ya watuhumiwa ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, lakini kesi zikaporomoka moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu, hilo ni deni la waliokuja baada ya usuluhishi, na wafiwa wana kila sababu ya kuendelea kulidai.

Dhana: "Wakishatia sahihi, wageni warudi kwao"

Mkataba wa Arusha wa kumaliza vita kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF ulitiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993. Mauaji ya kimbari yalianza Aprili 1994, na tarehe 21 ya mwezi huohuo Baraza la Usalama likaamua kupunguza walinda amani hadi 270. Wapinzani wa usuluhishi hupenda kuutaja mkataba huo kama ushahidi wao. Mimi nauona ni ushahidi wa kinyume: waliopanga mauaji walikuwa wakijiandaa waziwazi, na dunia ikaondoa hata walinzi waliokuwapo.

Burundi walishikiliwa mkono muda mrefu zaidi. Mwalimu Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996, akafariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaupokea. Mkataba wa Agosti 2000 uliweka kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Makundi mawili makubwa yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa mezani, kwa hiyo vita viliendelea na mazungumzo yakaendelea. CNDD-FDD waliingia katika makubaliano mwaka 2003. FNL waliweka silaha chini mwaka 2009.