Betoni ya rangi mbili: usikimbilie kupaka rangi

Hapa Goma hali hii iko kwenye parsele nyingi: nusu ya baraza kijivu cheupe, nusu nyingine imekaribia weusi wa mawe ya volkeno. Mwenye nyumba anataka irekebishwe leo leo. Angoje. Betoni huendelea kubadilika rangi inavyokauka, na kabla ya siku 28 hakuna la kuamua.

Kisha mwagia maji pande zote mbili. Zikifanana zikiwa zimelowa, mara nyingi weupe ule ni chokaa iliyopanda juu. Sugua kwa brashi ngumu kavu, halafu siki na maji nusu kwa nusu, usuuze vizuri. Asidi ya betri usiiguse: ina salfa, inakula simenti yenyewe.

Zikibaki tofauti, chanzo kiko kwenye mchanganyiko au kwenye mwiko. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unataka maji kama lita 25, yakiwemo yaliyo ndani ya mchanga. Mchanga ukinyeshewa usiku na fundi akaendelea kupima kwa macho, sehemu ile hutoka nyeupe na dhaifu. Kulainisha kwa mwiko wa chuma wakati betoni imeshashika huacha madoa meusi, na hayo hayatoki kwa kusugua. Kubadilisha simenti katikati ya kazi nako huonekana wazi, hata kama mifuko yote imeandikwa namba ileile ya nguvu.

Kwaruza upande mweupe kwa msumari. Ukitoa unga, hapo shida si rangi tena: bomoa tabaka lile mpaka penye ugumu, fundi ajue ni juu yake.

Pakiwa pagumu, paka tabaka jembamba, milimita 2, juu ya pande zote mbili; kulenga kipande kimoja ni kutengeneza rangi ya tatu. Anza na simenti ya kijivu sehemu 3, nyeupe 1, mchanga laini uliochekechwa 4, na gundi ya betoni kwa kipimo cha kwenye bidoni. Tengeneza vipande vitatu vya majaribio vya sentimita 30, kila kimoja na kiasi tofauti cha simenti nyeupe, uviache siku 7, maana vikiwa vibichi vyote ni vyeusi. Uso uparuzwe, uoshwe, ulowe bila madimbwi. Baadaye nyunyiza maji sawasawa siku 3. Plastiki usitandike: inapogusa huacha mabaka, na unarudi ulikoanzia.