Kivuli chenye muhuri wa wakili siyo rekodi ya ndoa

Rekodi ya ndoa ni maandishi yaliyomo kwenye rejista ya Msajili wa ndoa. Maana yake ndiyo hiyo, haina makuu. Karatasi mliyopewa siku ya harusi, ile inayotiwa fremu sebuleni au kufichwa chini ya kanga sandukuni, ni cheti, au shahada kama wengine wanavyoiita. Kazi yake ni kusema kwamba huko kwenye rejista mmeandikwa.

Shida huanza pale mfuko wa pensheni unapomwambia mjane alete "nakala iliyothibitishwa", na jirani anayejua kila kitu akamwelekeza kwa wakili. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno.

Wakili anashika karatasi mbili, halisi na kivuli. Akiona zinafanana anagonga muhuri, anasaini na kuweka tarehe. Alichothibitisha ni kwamba mashine ya kutolea kopi imefanya kazi yake vizuri. Rejista hajaifungua, namba ya cheti hajui kama ipo, wala hakuna aliyemtuma akaijue. Mpelekee kivuli cha cheti cha kughushi pamoja na "halisi" yake, kitatoka na muhuri ule ule. Na aliyepoteza cheti ndiyo kabisa hana la kufanya pale, maana hakuna cha kulinganisha.

Msajili ana kazi mbili ambazo nazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuhakiki: cheti unacho, yeye anakilinganisha na kumbukumbu zake, anajibu kama kinatambulika. Ya pili ni kutafuta: cheti huna, unampa taarifa, na akiyapata maandishi yenu anakutolea nakala iliyothibitishwa na ofisi yake. Nakala hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara inaikubali mahakamani kuwa ushahidi wa ndoa, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo.

Kwa Tanzania Bara, Msajili ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na wilayani huduma hiyo hupatikana kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Ndiyo bomani. Nayo "ndoa ya bomani" imewafanya wengi waamini kwamba serikali inazijua ndoa hizo tu. Siyo kweli. Padri, mchungaji au shehe anayefungisha ndoa kisheria anafanya hivyo kwa leseni, na anatakiwa kurejesha nakala kwa Msajili. Kitabu cha ndoa cha parokia ni cha kanisa. Kitakupa tarehe, mashahidi na jina la aliyefungisha, vitu vya thamani sana kwa anayetafuta, lakini nakala ya Msajili haitoki humo.

Kama marejesho hayakufika, utaambiwa "hakuna kumbukumbu". Hapo watu hulia wakidhani ndoa imefutika. Haijafutika: kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi ndoa. Itabidi tu uithibitishe kwa njia nyingine, na hati ya kiapo itakuwa mojawapo. Hati ya kiapo ni maneno yako mwenyewe chini ya kiapo, usiipeleke mahali ukaiita rekodi.

Unapokwenda kutafuta, majina yawe kama yalivyoandikwa siku ile. Mama aliyeitwa kwa jina la mumewe miaka 40 huenda kwenye rejista yuko kwa jina la baba yake. Wilaya inayotakiwa ni ile ndoa ilipofungwa, siyo mnakoishi wala alikozaliwa bwana harusi. Mwaka ukiwa wa kubahatisha, sema hivyo mapema. Na kabla ya yote pekueni simu za watoto: picha ya cheti iliyotumwa zamani WhatsApp, namba ikisomeka, inampunguzia karani kazi kubwa ya kupekua vitabu.

Waliofunga ndoa Unguja au Pemba wasije Bara kutafuta. Sheria ya 1971 haifiki kule, waende kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kenya yuko Msajili wa Ndoa chini ya sheria ya mwaka 2014, na maombi mengi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ndoa za kimila huko zimeanza kusajiliwa mwaka 2017, kwa hiyo ya babu na bibi usitegemee kuikuta kama hakuna aliyekwenda kuisajili baadaye.

Wengine huziita rekodi za ndoa "rekodi za umma", wakidhani yeyote anaweza kuzifungua; mfano wa Uingereza ndio umewaharibia. Kule, kwa ndoa za England na Wales tangu Julai 1837, yeyote anaweza kuagiza nakala ya cheti cha ndoa ya mtu mwingine. Kwetu hakuna orodha ya majina mtandaoni ya kupekua usiku ukimchunguza mchumba. Tovuti za Marekani zinazotaka dola ili zikuonyeshe "rekodi zote za ndoa" hazina rejista ya Kilosa.

Kwa hiyo karani akikwambia nakala ithibitishwe, kabla hujanyanyuka kwenye kiti muulize kwa upole: ithibitishwe na wakili, au na Msajili?