Simu ya mwanafunzi ikae wapi saa za masomo?

Simu iliyozimwa sauti na kutiwa mfukoni bado imo darasani. Hapa ndipo kanuni za shule nyingi zinapokwama. Zinamkataza mwanafunzi kuitumia simu lakini zinamruhusu kukaa nayo kutwa, kisha zinamtegemea yeye, mtoto wa miaka 13 au 14, ajizuie kila inapotetemeka. Huo ni mzigo ambao hata sisi watu wazima unatushinda.

Mwaka 2023 shirika la Common Sense Media la Marekani lilitoa utafiti uliowahusu vijana wapatao 200 wenye umri wa miaka 11 hadi 17. Watafiti hawakutegemea majibu ya vijana peke yake, walifuatilia pia simu zao. Nusu ya vijana hao walipokea arifa 237 au zaidi kwa siku, na takribani robo ya arifa hizo ziliingia saa za shule. Asilimia 97 waliitumia simu katika saa hizo. Sasa fikiria ripoti ya UNESCO ya mwaka huohuo, iliyoeleza kwamba mwanafunzi aliyekatizwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi sawasawa kwenye alichokuwa akijifunza. Kipindi chenyewe mara nyingi ni dakika 40.

Wako wanaosema simu ni ya mtoto, na asiposoma hasara ni yake. Si kweli. Katika tathmini ya PISA ya mwaka 2022, ambayo hupima wanafunzi wa miaka 15 wa nchi mbalimbali, asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, walisema vifaa vya kidijitali huwapotezea umakini angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Asilimia 59 walisema wanaowakatiza ni wenzao wanaotumia vifaa hivyo. Kwa hiyo mtoto asiye na simu kabisa naye anaathirika, kwa sababu tu ya mahali alipokaa.

Matokeo ya utafiti ninayopenda wazazi wayatafakari zaidi ni ya Uingereza. Yalitolewa mwaka 2015 na wachumi wawili waliochunguza shule 91 katika miji minne, wakilinganisha alama za mitihani kabla na baada ya shule kupiga marufuku simu. Alama zilipanda, lakini hazikupanda kwa wote. Wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo hawakuguswa kwa kiasi cha kuonekana. Waliofaidika ni wale wa chini darasani, na kwao faida ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani. Mwanafunzi mwenye nidhamu ya kusoma huweza kusoma simu ikiwa pembeni. Anayehangaika kufuata somo ndiye anayevutwa kwanza, na akishapotea hana pa kulidakia tena. Kwa sababu hiyo mimi nalitazama suala hili kwanza kama suala la usawa, kabla sijalitazama kama suala la nidhamu.

Lazima niseme pia kwamba tafiti hazikubaliani zote. Uchunguzi wa aina hiyohiyo uliofanywa Sweden haukuona alama zikipanda. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, baada ya kulinganisha shule 30 za Uingereza, hawakuona tofauti ya afya ya akili kati ya wanafunzi wa shule zenye masharti makali na wale wa shule zilizolegeza. Muda wa jumla wa kutumia simu kwa siku ulikuwa karibu sawa: walichokikosa shuleni walikipata nyumbani. Shule inaweza kulinda saa za masomo. Usiku ni wa mzazi.

Serikali kadhaa zimekwishaamua kuzuia simu shuleni. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 kwa wanafunzi wa hadi miaka 15 hivi, Uholanzi ikaanza Januari 2024 kwa sekondari, Brazil ikatia saini sheria yake Januari 2025.

Kwa maoni yangu, kama shule inaweka masharti, yawe ya siku nzima, mapumziko yakiwemo. Sharti la darasani pekee humfanya kila mwalimu aanze ugomvi upya kila kengele ikilia, na mwalimu mpole ndiye anayeumia. Isitoshe, mapumziko ndipo watoto huzungumza, hucheza na kupatana baada ya kukosana, na ndipo pia wengine hurekodiwa wakidhalilishwa. Simu ibaki nyumbani, au ikabidhiwe asubuhi na kufungiwa kabatini, baada ya kuandikwa kwenye daftari kwa jina la mwenyewe na saini. Shule iseme wazi nani atawajibika ikipotea, la sivyo wazazi watawaambia watoto wazifiche. Kuivunja simu iliyokamatwa, kama wafanyavyo wengine, ni kuharibu mali ya familia, na hakumfundishi mtoto lolote. Walimu nao waweke zao kando wanapofundisha.

Hofu ya mzazi kumkosa mtoto wake wakati wa dharura ni ya haki. Jibu lake ni namba ya ofisi ya shule inayopokelewa kila inapopigwa, na mtu aliyepewa kazi ya kufikisha ujumbe darasani. Shule isiyo na hilo isianze kukusanya simu.

Wapo watoto ambao simu kwao ni sehemu ya matibabu: mwenye kisukari ambaye kipima sukari chake husomwa kwenye simu, au mwenye uoni hafifu anayesomewa maandishi na kifaa hicho. Hao waruhusiwe kwa maandishi tangu mwanzo wa muhula, na walimu wote wajulishwe, hata wa muda, ili asitokee wa kumnyang'anya mtoto kifaa kinachomlinda.