Ofioliti: koti la dunia lililopanda nchi kavu

Watu wa Lamu waliowahi kushuka Matrah, wawe wamekwenda kwa jamaa au kwa kazi, wanaijua milima ya Maskati: kipara, rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Kwetu jiwe ni la matumbawe. Linachongwa Manda, linajengewa nyumba, likichomwa linakuwa chokaa. Jiwe la Maskati ni jingine kabisa. Ni kipande cha koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ukoko, kilichotoka nje na kukaa juani. Koti hilo lipo chini ya Lamu pia, ila limefunikwa na ukoko, na juu ya ukoko huo kuna mchanga, udongo na chokaa vilivyogeuka mwamba kwa kina cha kilomita kadhaa.

Kipande kama hicho kikipanda nchi kavu pamoja na sakafu ya bahari iliyokuwa juu yake, huitwa ofioliti. Mwaka 1972, katika mkutano wa Penrose, wanajiolojia walikubaliana juu ya mpangilio wake. Chini kabisa ni peridotiti, ndiyo mwamba wa koti, juu yake gabro, mwamba ulioyeyuka ukapoa polepole, kisha kuta za mwamba ulioganda ndani ya nyufa, halafu lava iliyogandia majini, na mwisho masimbi ya baharini. Huo ni mpangilio wa kitabuni. Ofioliti nyingi zimekatikakatika au zimepoteza nusu ya tabaka zake. Ile ya Oman, Samail, ndiyo iliyo kubwa na wazi kuliko zote, urefu wake takriban kilomita 500, ndiyo maana kila mjadala unarudi kwake.

Tuje kwenye kemia, maana utamu uko huko. Koti ni mwamba mgumu. Si uji wa moto kama wengi wanavyodhani. Mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la nje la dunia, yakiachana mawili chini ya bahari, koti hupanda kujaza nafasi. Mgandamizo unapungua, na sehemu yake ndogo inayeyuka bila kuongezewa joto. Kilichoyeyuka hupanda na kuwa ukoko. Kilichobaki ni machicha, na aliyewahi kukamua nazi ameshaelewa. Uji wa mwamba huondoka na kalsi, alumini, titani na sodi. Mabaki hubaki na magnesi, kromi na nikeli kwa wingi. Lezoliti, yaani koti ambalo halijakamuliwa sana, huweza kuwa na oksidi ya alumini karibu asilimia 4. Harzibugiti, koti lililokamuliwa zaidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya koti la Samail, mara nyingi haifiki hata 1.5. Iko pia duniti, mwamba wa olivini karibu mtupu, olivini ikiwa ndiyo madini makuu ya koti: hiyo ni njia uliyopita uji ule ukipanda, ukayeyusha pairoksini, madini mengine ya koti, na kuacha olivini. Kromiti, madini ya kromi, inayochimbwa Oman hupatikana humo.

Sasa, machicha yakitiwa maji hukamulika tena. Bamba la bahari linapozama chini ya jingine, hubeba maji ndani ya madini yake. Kule chini joto linayafukuza, yanapanda kwenye koti lililo juu, nalo linayeyuka kwa joto dogo zaidi kuliko ingekuwa bila maji. Mabaki ya hapo huwa yamekamuliwa kupita yale ya katikati ya bahari. Ushahidi wake umo kwenye punje ya spineli, madini yenye kromi na alumini. Kwa macho ni doa jeusi tu. Ukiikata nyembamba na kuiweka chini ya hadubini, inapitisha mwanga wenye wekundu wa kahawia. Hupimwa kromi yake, ikagawanywa kwa jumla ya kromi na alumini. Jibu likiwa chini ya 0.6, mwamba huenda ni wa katikati ya bahari, likikaribia 0.8, bamba linalozama linashukiwa.

Akiho Miyashiro ndiye aliyeanzisha zogo, mwaka 1973, alipoandika kwamba kemia ya lava za ofioliti ya Troodos, kule Kupro, inafanana na ya visiwa vya volkano vilivyo juu ya bamba linalozama. Alipingwa sana, lakini leo ofioliti nyingi zinasomwa hivyo. Samail yenyewe bado inabishaniwa: lava zake za chini zinafanana na za katikati ya bahari, za juu zina alama ya maji. Mimi naegemea wanaosema ilizaliwa miaka milioni 96 hivi iliyopita, wakati bamba lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuzama.

Hilo linarahisisha pia swali la jinsi ofioliti hiyo ilivyopanda nchi kavu. Bamba lililokuwa likizama liliburuta ukingo wa Arabuni chini ya sakafu ya bahari. Mwamba wa bara ni mwepesi, hauzami mbali. Ukakwama, kisha ukainuka na mzigo wake mgongoni.

Kenya nayo ina ofioliti, Baragoi, Moyale na Sekerr huko Pokot Magharibi, mabaki ya bahari iliyofungwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Hizo zimechoka: olivini imekunywa maji na kugeuka madini mengine, sepentini, na elementi zinazosafiri na maji haziaminiki tena. Kiini cha punje ya spineli mara nyingi hustahimili, kwa hiyo mtafiti huanza kupima hapo.