Volkano kuu haina zamu

Kila Yellowstone ikitikisika kidogo, naletewa swali lilelile: "Si muda wake umeshapita?" Hapo huwa naomba kalamu na karatasi.

Volkano hiyo ya Marekani imekuwa na milipuko mitatu mikubwa: takriban miaka milioni 2.1 iliyopita, kisha milioni 1.3, kisha 640,000. (Huo wa katikati wala haukufikia kiwango cha volkano kuu, ambacho ni kilomita za ujazo 1,000 za mawe na majivu.) Kutoka wa kwanza hadi wa pili ni miaka 800,000, wa pili hadi wa tatu, 660,000. Wastani, 730,000. Basi hata kama mlima ungekuwa na zamu kama mlinzi, zamu bado: imebaki miaka 90,000 hivi. Ila hesabu yenyewe siikubali. Vipindi viwili havitoshi kuitwa ratiba.

Kinachoamua ni hali ya huko chini. Wengi hudhani kuna ziwa la moto linalosubiri tundu. Mawimbi ya matetemeko hupunguza mwendo yanapopita kwenye mwamba ulioyeyuka, na kwa kuyapima tunaona kwamba sehemu kubwa ya magma ya Yellowstone imeshaganda, na ule ujiuji kidogo umetapakaa kati ya fuwele. Jaza ndoo mchanga uliolowa, kisha iinamishe: maji yamo, lakini hayamwagiki. Ili mlipuko mkuu utokee, ujiuji ukaribie nusu na ujikusanye mahali pamoja. Ndiyo maana matetemeko yake 1,500 hadi 2,500 kwa mwaka hayaninyimi usingizi.

Sisemi haitatokea popote. Toba, kule Sumatra, Indonesia, ililipuka miaka 74,000 iliyopita ikatapika karibu kilomita za ujazo 2,800. Vijichembe vya majivu yake vimepatikana kwenye tope la chini ya Ziwa Malawi, umbali wa kilomita 7,000 hivi. Ukivitazama kwa hadubini ni vipande vya kioo, vyembamba, vyenye kingo kali. Taupo ya New Zealand ilifuata, kama miaka 25,500 iliyopita.

Ninayoifuatilia kwa karibu ni Campi Flegrei, Italia. Mjini Pozzuoli zimesimama nguzo za marumaru za Kirumi zilizotobolewa na kombe wa baharini, juu kuliko kimo cha mtu: ardhi ilizama, bahari ikaingia, kisha ardhi ikainuka tena. Tangu 2005 inainuka. Hata hivyo, mlipuko wake wa mwisho, wa 1538, uliacha kilima kidogo tu, Monte Nuovo.

Kwangu mimi tishio la kweli liko ngazi moja chini. Tambora, volkano nyingine ya Indonesia, ililipuka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini zilipata baridi kali wakati wa kiangazi, mazao yakaharibika. Milipuko ya kadiri hiyo huja mara moja au mbili katika miaka elfu, na kuhusu hiyo simu yangu hailii kabisa.