Kinga ya moto wa nyika si kufyeka kila kitu

Kiangazi kikikaribia California, kila jirani ana ushauri wake juu ya ua wa mwenzake. Mwingine unafaa, mwingine ni wa kutia hasara. Hizi hapa ni dhana tano potofu.

Dhana: Moto huifikia nyumba kama ukuta wa ndimi.
Nyumba nyingi hushikwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, pengine zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe. Mji wa Paradise ulipoteketea Novemba 2018, watu 85 walikufa. Nyumba ziligeuka majivu, ilhali misonobari mingi iliyosimama kando yake ilibaki na majani mabichi. Kwa hiyo anza na gata iliyojaa majani makavu, na kuni zilizopangwa ukutani.

Dhana: Ua salama ni udongo mtupu.
Hii ndiyo inayoharibu zaidi. Sheria ya California hudai eneo la kujikinga la hadi mita 30 hivi kuzunguka nyumba, lakini haidai jangwa. Pa kuangaliwa zaidi ni mita moja na nusu ya kwanza: hapo weka kokoto au saruji, wala si matandazo ya magome ya miti, hata kama yanatunza unyevu vizuri. Kuanzia hapo mimea ibaki kwa mafungu yaliyoachana, matawi ya chini ya miti yakatwe kufikia karibu mita mbili, na nyasi zisizidi sentimita 10. Ukiikwangua ardhi yote, msimu ujao hujaa nyasi za kigeni zinazokauka mapema na kuwaka upesi kuliko vichaka ulivyong'oa. Penye mteremko, mvua itaondoka na udongo.

Dhana: Dawa ya magugu humaliza kazi.
Magugu yaliyokufa yakiwa wima ni kuni tupu. Mji wa Oakland, California, hukodi mbuzi, nao hula hadi kwenye miteremko isiyopitika kwa mashine. Wasimamiwe tu, maana mwaloni mchanga nao ni chakula.

Dhana: Kuna mimea isiyoungua.
Hakuna. Mmea wowote ukikauka huwaka.

Dhana: Nyasi hukatwa wakati wowote.
Kisu cha mashine kikigonga jiwe hutoa cheche. Kata kabla ya saa nne asubuhi, siku isiyo na upepo. Matawi makubwa yakatwe majira ya baridi, kabla ndege hawajaanza kujenga viota.